Koti la Bibi Kija

Dorcas aliposikia redioni kwamba Selina ndiye mwanamke wa kwanza Mwanza nzima kusimama jukwaani peke yake na kuchekesha watu, alikata kichwa cha sato kwa panga mpaka meza ikapasuka.

"Wa kwanza? Na mimi je, wa ngapi?"

Miaka minane yeye na Selina waliuza samaki meza moja pale sokoni Mwaloni. Bibi yake Dorcas, Kija, alipofariki, Dorcas ndiye aliyevaa koti la marehemu msibani, kama utani unavyomtaka mjukuu amwigize. Akakohoa kama bibi, akawagombeza waombolezaji kwa sauti yake. Walicheka hadi jeneza likatikisika, waliokuwepo wanaapa. Selina naye alikuwepo, anamenya viazi, anaangalia tu.

Sasa ni mwaka kikohozi kile kile kinajaza kumbi, na picha za Selina zimebandikwa mpaka Buswelu!

Jumamosi Dorcas akalivaa koti liwe ushahidi, akaenda ukumbini Kirumba. Selina alipokohoa tu, akasimama.

"Mwizi! Huyo bibi ni wangu! Koti lake hili hapa!"

Watu wakageuka. Selina uso ukamshuka. Kisha akateremka jukwaani, akapiga goti mbele ya koti.

"Shikamoo, bibi."

Hapo Dorcas akanasa. Aliyevaa nguo za marehemu akiamkiwa, hujibu kama marehemu, ndivyo alivyolelewa. Kabla hajafikiri, mgongo ulishapinda, kikohozi kimetoka.

"Marahaba. Na hizo kucha nyekundu, kuku unawachinja au unawararua?"

Ukumbi ukalipuka. Inasemekana kivuko kilichokuwa katikati ya ziwa kilirudi gatini, nahodha akidhani ni radi. Dorcas akaongeza jingine, na jingine, hawezi kuacha.

Asubuhi yake, Nurudin muuza barafu akamwita kwa mbali, "Dada Dorcas! Kumbe wewe ndiye msaidizi wa Selina!"

"Msaidizi?" Panga likabaki hewani.

Mchana Selina akaja mezani, kajitanda kanga asijulikane. "Shoga, Jumamosi utakuja tena?"

Dorcas akaparua magamba weee, hamtazami.

"Nitakuja. Ila natangulia mimi jukwaani. Wewe utafuata, uniamkie."

 Jicho likamtoka Selina kidogo, likatua kwenye lile koti lililotundikwa msumarini. Dorcas alilijua vizuri jicho lile, alikuwa nalo mwenyewe mwaka mzima. Akainama kwenye samaki wake, anaimba.