Vikombe Kumi na Tano

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla hamjanikamata. Swali la saba nililitunga mimi. Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha huku Frislandi Mashariki, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, nimekula kabichi yao, nimezoea upepo wao, halafu nakaa na kalamu yangu naandika: "Wageni watano wamekuja kunywa chai. Kila mmoja amekunywa vikombe viwili. Jumla ni vikombe vingapi?" Viwili! Sijui akili ilikuwa imekwenda kutembea wapi. Mwalimu Brandl wa darasa la pili, aliyehamia mwaka huu kutoka kusini milimani, aliniomba maswali, nikampa, akayachapa vilevile. Mzigo wa kosa ukaenda kumwangukia mwanafunzi wake, Tomke.

Tomke alikuwa na miaka minane na vidole kumi, na shida ilikuwa hivyo vidole. Hesabu ikivuka kumi, vidole vinakwisha, naye anabaki anatazama viatu. Barua ilishafika nyumbani: zoezi la Ijumaa lina maswali kumi na mawili. Akipata manane, anabaki darasa la pili. Akipungukiwa, baada ya Pasaka anarudi la kwanza. Mama yake aliisoma mara mbili, akaibana chini ya kopo la majani ya chai.

Na darasa la kwanza ndiko alikokuwa Okko, mdogo wake.

"Nimeshakuwekea kiti," Okko alimwambia mezani. "Karibu na dirisha. Ila penseli zangu usiguse."

"Kula, unyamaze."

"Tena ukija kwetu, mimi ndiye mwenyeji. Utaniita kaka."

"Nitakuita kiazi."

Bibi Taalke aliyasikia yote akiwa jikoni. Bibi huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alileta vikombe, akavipanga, akamkabidhi mjukuu wake birika.

"Tomke. Wamekuja wageni wawili. Unamimina vikombe vingapi?"

"Sita."

"Umehesabu kwa vidole?"

Tomke akaitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeshika birika.

Maana kwao vikombe vitatu ni haki ya mgeni, wala haviombwi. Linatangulia bonge la sukari ya mawe, chai ya moto inamwagwa juu yake mpaka sukari inapasuka na kulia, malai yanateremshwa taratibu pembeni, na hakuna kukoroga. Ukitosheka, unalaza kijiko ndani ya kikombe. Kisipolala, mwenye nyumba anamimina tu, hata kuche.

Wiki nzima wakacheza hivyo. Wageni wanne, sita, wanane. Bibi akawapa na sifa, mmoja mbahili, mmoja kiziwi, mmoja aliyeolewa mara tatu, na Tomke akifumba macho aliwaona wote wameketi na vikombe vyao mbele yao. Vidole akavisahau mapajani.

Ijumaa alipofika swali la saba, alikaribia kucheka. Wageni watano! Hao anawajua! Akaandika 15, akaikolezea mstari chini yake.

Jumatatu karatasi zikarudi. Juu ya ile kumi na tano kulikuwa na mkwaju mwekundu wa kosa. Saba kwa kumi na mbili.

Alikaa nayo mpaka kengele ilipolia na wenzake wakatoka. Alitaka kutoka pia. Miguu ikampeleka kwenye meza ya mwalimu.

"Mwalimu, samahani. Hao wageni, walikasirika?"

"Wageni gani, Tomke?"

"Wa swali la saba. Waliopewa vikombe viwili."

Mwalimu Brandl akaivuta karatasi. "Wakasirike kwa nini? Wamekunywa viwili viwili. Viwili mara tano?"

"Kumi."

"Kumbe unajua! Sasa mbona umeandika kumi na tano?"

"Kumi najua. Ila huwezi kuwaacha na viwili, mwalimu, watasema mwenye nyumba ana roho mbaya. Nimewaongezea kimoja kimoja. Kumi ukiongeza vitano, kumi na tano." Akaitazama ile 15. "La sivyo mama wa watu ataaibika, na mtaa mzima utajua."

 Mwalimu aliitazama mikono ya Tomke. Ilikuwa nyuma ya mgongo, imetulia.

"Nani kakufundisha haya?"

"Bibi."

"Mwambie bibi Jumapili nakuja kunywa chai. Jibu la barua nitakuja nalo."

Jumapili Okko alivalishwa shati la kola na kuonywa mara nne. Mwalimu alifika saa tisa juu ya alama, akaketi kati ya Mama na Bibi. Tomke akamimina, asimwage hata tone. Mwalimu akashukuru, akachukua kijiko, akakoroga chai yake kwa bidii kama anakoroga rangi ya ukuta. Okko akafumba macho. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Haya, Tomke," mwalimu akasema, akakilaza kijiko kwenye kisahani, nje ya kikombe. "Hapa tuko watano."

"Kumi na tano."

"Akibisha hodi mmoja zaidi?"

"Kumi na nane."

"Wakija tisa?"

Tomke akafumba macho. Alimwona mbahili, akamwona kiziwi, akawapitia mmoja mmoja mpaka kwenye kona ya meza. Mama aliacha kutafuna.

"Ishirini na saba."

"Wakija wanne, mmoja akaondoka baada ya kikombe kimoja?"

"Ni mgonjwa?"

"Mahututi."

"Basi kumi."

Bibi Taalke akatazama dirishani kana kwamba hayamhusu, lakini shingo ilikuwa imerefuka. Mwalimu alitoa karatasi ile mkobani. Alikuwa amekwisha kuufuta ule mkwaju mwekundu, akaandika pembeni kwa mkono wake: *vizuri, swali ndilo lenye kosa.*

"Nane kwa kumi na mbili," alisema. "Anabaki darasa la pili. Jumanne tutakaa saa moja tushughulike na kutoa, maana kutoa bado, Tomke, tusidanganyane. Lakini anabaki."

Mama akaiondoa barua chini ya kopo, akaikunja ndogo, ndogo tena, akaitia mfukoni mwa aproni. Okko akanong'ona, "Na kiti changu cha dirishani?"

"Kalia mwenyewe, kiazi."

Chai ikaendelea. Kikombe cha pili, cha tatu. Vijiko vinne vikalala ndani ya vikombe vinne. Kijiko cha mwalimu kilikuwa palepale kwenye kisahani, macho wazi. Tomke akamwangalia bibi yake; bibi akamwonyesha birika kwa kidevu. Akamimina cha nne. Mwalimu akashukuru, akanywa. Cha tano. Akashukuru, safari hii taratibu zaidi.

"Kumi na saba," Tomke akasema moyoni, bila kidole hata kimoja.

Alipokuja na cha sita, Mwalimu Brandl alikuwa ameegemea kiti, mashavu mekundu, mkono tumboni. Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Jamani, nawaomba. Mtu aniambie, hii chai inasimamishwaje?"