Mkwe Hataniwi

Mimi hupiga picha kwa mdomo. Kamera ni ya kumalizia tu. Mtu akisimama mbele yangu kakaza shingo kama anasubiri kusomewa hukumu, namtupia neno: "Mzee, hiyo tai umeivaa au imekukamata?" Akianza kucheka, kabla hajakumbuka kujikaza tena, kidole kimeshafanya kazi yake. Mdomo huuhuu umenifukuzisha studio nyingi, moja ikanifukuza hata kabla haijaniajiri, na bwana harusi mmoja aliwahi kunizaba kofi mbele ya keki. Lakini ndio unaonilisha.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpeleke ukweni.

Mchumba wangu ni nesi, na maneno yake ni kama sindano: hayana urefu, lakini yanafika. Baba yake, mkaguzi wa magari mstaafu, hakufurahi kusikia bintiye kampenda mpiga picha. "Huyo anafanya kazi au anacheza?" aliuliza. Kisha akatoa sharti.

Katika picha zote za nyumba ile, mama yao amefunika mdomo kwa kiganja. Ana pengo mbele. Walipokuwa wapya kwenye ndoa, mzee alimpakia kwenye gari alilokuwa analijaribu, akakanyaga breki kwa nguvu zote aone kama zinashika. Zilishika. Breki zikafaulu mtihani, jino la mama likafeli. Tangu siku hiyo mama hucheka nyuma ya mkono, na mzee anaumia kimyakimya. Kwa hiyo akasema: huyo kijana akinipa picha moja ya mke wangu anacheka, mkono ukiwa chini, mshenga wake aje tuzungumze. Akishindwa, asinisumbue.

"Nyepesi hiyo," nikamwambia Nesi.

"Si nyepesi. Mama yangu hutamtania."

"Sasa nitamchekesha na nini?"

"Utajua mwenyewe. Mkwe hataniwi. Ukimtania mama yangu, hata mimi hunijui."

Kunifunga mimi mdomo ni kunifunga mikono. Nesi akatangulia kwao, na mimi nikaenda kuwalilia marafiki zangu wawili. Futi ni fundi cherehani. Ile futi yake ya kupimia haishuki shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Nilimfanya mshenga kwa sababu ana sauti nzito ya kutangazia misiba, na watu wakiisikia huwa hawabishi. Spana ni fundi wa magari na mwenye gari. Gari lenyewe tunaliita Bibi: huamka akitaka, hukohoa njia nzima, na akifika mteremkoni hamsikilizi mtu. Breki zake zilihitaji kukanyagwa mara nyingi na kuombewa. Kiti cha nyuma tukapakia pazia la buluu lililoshonwa na Futi, ambalo kwetu ndilo anga popote tunapopiga picha.

"Tufanye mazoezi," Futi akasema kabla hatujautoka mji. "Kuanzia hapa hutanii mtu. Ukitania, unasukuma gari kilima kinachofuata."

"Na kama hakuna kilima?"

"Kwa Bibi kila mahali ni kilima," Spana akanituliza.

Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Tukasimama kupoza injini mbele ya kinyozi mwenye kipara kinachong'aa, nikatazama mawingu. Tukampita bwana anayetembea kwa miguu kavaa helmeti ya pikipiki, nikauma ulimi. Lakini mbele kidogo tukamkuta jamaa anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli kochi zima la watu watatu, limefungwa kwa mipira. Jamani, na mimi nina damu.

"Kaka! Unalipeleka kochi au kochi linakupeleka?"

Jamaa akasimama, akapangusa jasho. "Nalitembeza tu. Limechoka kukaliwa."

Mtu akikujibu hivyo huwezi kumpita. Tukalishusha kochi kando ya barabara, Spana akashika pembe moja ya pazia, Futi nyingine, na jamaa akaketi katikati, mguu juu ya mguu, kama waziri anayesubiri kuapishwa. Ilikuwa picha tamu. Kisha nikasukuma gari.

Kwenye kivuko cha mto maji yaliingia mlango huu yakatokea ule bila kuaga. Futi akashuka kupima kina, akateleza, akakaa majini na suti yake ya ushenga.

"Mshenga, mbona umeanza kuposa samaki?"

"Utasukuma," akasema, maji yakimfika kifuani. Nikasukuma.

Tulikuwa tumekubaliana kumficha Bibi mbali, nyuma ya kona, maana kupeleka gari lile kwa mkaguzi ni kupeleka mbuzi kwa chui. Hatukumshirikisha Bibi. Barabara ya kwa wakwe ni mteremko. Spana alikanyaga, akakanyaga, akaanza kunong'ona maneno matakatifu. Kona ikapita, geti likapita, na Bibi akaingia uani kwa heshima zote, akapanda mwinuko wa ua, akatulia kwenye rundo la mchanga, hatua chache kutoka kwenye baraza.

Mzee alikuwa ameketi hapohapo barazani.

"Shikamoo baba," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba." Hakututazama. Alikuwa anamtazama Bibi, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu.

Tukanywa chai kwa adabu iliyotuumiza mbavu. Kisha tukafunga upande mmoja wa pazia kwenye nguzo ya baraza, Futi akashika upande wa pili kwa sababu kulikuwa na upepo, na mama akaketi mbele yake. Kiganja kikapanda mdomoni chenyewe.

"Mama, tafadhali, kama haitakuwa usumbufu," nikaanza. Hata sauti yangu sikuitambua. "Tunaomba, kwa heshima, utabasamu."

"Nimetabasamu, mwanangu," kikajibu kiganja.

Nilipiga, nikapiga. Maneno yalinijaa mdomoni yakisukumana kutoka. Mlangoni Nesi alikuwa amekunja mikono, ananiangalia. Nikayameza yote. Kila picha ilitoka na kiganja, na kila kiganja kilikuwa posa yangu inafungiwa mlango.

Mzee uvumilivu ukamwisha, si kwangu, kwa Bibi. Akainuka, akazunguka gari, akainama, akapiga teke tairi. Taratibu Bibi akaanza kurudi nyuma kutoka kwenye mchanga.

"Linaondoka! We mwenye futi, njoo ulizuie!"

Futi akaachia pazia, akakimbia kuegemeza mgongo kwenye bampa. Upepo ukalibeba pazia moja kwa moja kuelekea kwenye maua ya mama. Mama akaruka, akalidaka, akabaki amelishika kwa mikono yote miwili, akivutana nalo kama mtu aliyekamata mwizi.

"Honi haipo!" mzee alikuwa anasoma hukumu, kichwa chini ya gari. "Taa haipo! Na breki… kijana, gari hili halina breki hata kidogo!"

"Halina breki?" mama akapaza sauti kutoka kwenye pazia. "Basi si ungenipakia hilo siku ile, baba Nesi! Jino langu lingekuwepo!"

Akacheka. Alicheka utani wake mwenyewe, kichwa nyuma, mdomo wazi, pengo lote nje, anga ya buluu ikimpigapiga mabegani, na mikono hana. Mimi sikusema neno. Kidole tu.

Kicheko kikaisha. "Umenipiga?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. "Ndiyo, mama. Mkono umeitangulia adabu. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi." Na ningefuta, posa na yote.

Spana akampokea pazia. Mama akaitazama picha kwenye kamera, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Kumbe kapengo kenyewe ndiko haka?" akasema. "Miaka yote nimekafunika nikidhani ni geti. Kumbe ni kijidirisha."

Mzee akaja, mikono imejaa grisi, kaiweka mgongoni asiguse kamera. Alitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Isifutwe," akasema, kisha akakohoa kama Bibi. "Mshenga yuko wapi?"

"Niko huku, baba!" Futi akaitika kutoka kwenye bampa, shingo imetoka mishipa. "Ila nikisogea, gari linatoka getini!"

"Basi zungumza ukiwa hukohuko. Nakusikiliza."

Ndivyo nilivyoposewa: mshenga kalowa hadi kifuani, kaegemea gari, anaeleza sifa zangu kwa sauti ya msiba. Alipofika kwenye "ni kijana mwenye staha, asiyependa utani," Nesi alilazimika kuingia ndani. Mzee aliridhia, kwa sharti moja jipya, kwamba siku ya harusi sote twende kwa miguu.

Mama akacheka tena. Mkono ulianza kupanda, ukafika kidevuni, ukasita, ukaenda zake kurekebisha kilemba.