Sahihi Nyuma ya Hundi

Mimi naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na siku hizi vidole vimekaza. Kwa hiyo karatasi yoyote ya ofisini huwa naisaini nyumbani, mezani, nimeshakunywa chai, ili nisije nikasonywa na foleni. Nimefanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kuona ubaya wake.

Jumatatu ile nilikuwa na hundi ya mzee Elimringi, bwana mifugo mstaafu, aliyenunua mtamba wetu. Yeye hataki habari za kulipa kwa simu. Milioni moja na laki mbili, jina langu limeandikwa kwa wino wa bluu. Hela hiyo ilikuwa ya jicho la mume wangu, Baba Domina. Daktari alishampangia upasuaji Alhamisi, na jicho la pili lilikuwa limeanza kufifia.

Nikaigeuza hundi, nikasaini nyuma: Bernadina Melkiadi. Herufi moja moja.

Shemeji Sylvesta, mdogo wake Baba Domina, alikuwa pale anakunywa chai yetu. Huyu mtu akinywa chai hufyonza, kisha hulamba vidole vyote, hata kile alichochokonolea sikio.

"Shemeji, kutoka huku Singe mpaka benki mjini na magoti hayo?" akasema. "Nipe mimi, nina pikipiki. Naiingiza kwenye akaunti yako, naleta risiti."

"Hutachelewa?"

"Mimi tena?"

Nikampa. Akaibana kwa meno huku akivaa koti. Sikupenda kuona mate yake kwenye jina langu, lakini ni shemeji.

Nilipokuwa nafuta meza nikaiona kadi yangu ya benki chini ya sahani ya viazi. Nikakaa kitako. Namba ya akaunti yangu iko kwenye kadi hiyo tu, Sylvesta haijui. Sasa ataingiza hela wapi? Nikapiga simu, akakata. Nikapiga tena, akazima. Nikachukua kadi na kitambulisho, nikajitupia kitenge, nikasimamisha bajaji.

Nilimkuta dirishani, watu sita mbele yangu. Dada wa benki, kibao kifuani kimeandikwa Najma, alikuwa anaigeuzageuza hundi.

"Bernadina yuko wapi?" akauliza.

"Ni shemeji yangu," Sylvesta akajibu, sauti ya msibani kabisa. "Yuko kitandani, hajiwezi. Amesaini nyuma nimchukulie taslimu, tumkimbize hospitali."

"Naumwa nini, Sylvesta?" nikauliza kutoka nyuma.

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja mwenye kapu akasema, "Mgonjwa kapona!" Watu wakacheka. Sylvesta akalamba midomo.

"Shemeji! Nilikuwa nataka kukurahisishia tu."

Najma aliniita dirishani, akaniamkia, akaangalia kitambulisho changu, kisha akanirudishia hundi. Ilikuwa na unyevu, na alama za meno pembeni. Niliifuta kwa kitenge mara mbili.

"Bibi, ukisaini nyuma ukaacha hivi hivi, anayeishika anaweza kuchukua hela," akaniambia. "Usisaini nyumbani. Saini hapa, mbele yangu. Na hii uliyokwisha kusaini, andika juu ya sahihi: iwekwe kwenye akaunti ya Bernadina Melkiadi tu, na namba yake. Hapo mwingine hawezi."

"Niandike hapa? Watu wote hawa?"

"Andika, bibi. Watasubiri."

Nikaandika. Kalamu yao imefungwa kamba fupi, nikainama. Kijana mmoja akasonya. Yule mama wa kapu akamwambia, "Kasonye kwenu." Nilimaliza namba, nikaisoma tena tarakimu kwa tarakimu, nikachukua risiti, nikaikunja ndani ya leso.

Nje Sylvesta alikuwa amekaa juu ya pikipiki, anachokonoa meno kwa njiti.

"Panda shemeji, nikurudishe. Tusimwambie kaka, atapandisha presha bure."

Alikuwa anatabasamu. Kipande cha kiazi changu bado kiko kwenye jino lake!

"Kaka yako nitamwambia mchana huu," nikamjibu, "akiwa anakula."

Nikapanda bajaji. Nyumbani kikombe chake kilikuwa bado mezani, utando wa maziwa umeganda, njiti imeachwa ndani. Sikukiosha. Nilikitoa kwa ncha za vidole, nikawawekea kuku maji humo.

Alhamisi Baba Domina alifanyiwa upasuaji wa jicho.