Ya Samaki au ya B

Habari za kile kigari zilifika kwetu Kigera, Musoma, kupitia kwa Nyamburi wa Butiama, shangazi yake Hilda, na Nyamburi akishakwambia jambo, ujue nusu ya Butiama wanalo tayari. Alipiga simu saluni kwa Hilda. Mikono ya Hilda ilikuwa na dawa ya nywele, akaweka sauti ya nje, tukasikia wote tuliokuwemo.

"Hilda mwanangu, ile gari yako iliyokufa, pacha yake iko huku. Dennis anayekaa Mwanza ameitoa sadaka kigangoni. Jumapili inanadiwa."

"Ya samaki au ya B, shangazi?"

"Mimi nitajuaje? Ina milango miwili na kuku wanalalaga ndani."

Swali la Hilda halikuwa la maringo. Vigari vile vya milango miwili vilikuja kutoka Japani kwa aina mbili, na tofauti imebandikwa nyuma kwa alama ndogo. Kimoja kina kitu kama samaki aliyechorwa na mtoto, kingine kina B yenye mkia. Waliosoma wanasema ni herufi za Kigiriki. Sisi Musoma tunasema ya samaki na ya B, na tunaelewana. Ya samaki ina injini ndogo na mapambo machache. Ya B ndiyo yenye nguvu.

Ya Hilda ni ya B. Ilimbeba miaka na madraya yake kwenda kupamba mabibi harusi Bunda, Bugwema, mpaka Kisorya kwenye kivuko. Mwaka jana injini ikanoki. Tangu hapo anapanda bodaboda amekumbatia draya kama mtoto mchanga, na mabibi harusi wa mbali wameanza kumpigia Brenda, ambaye hajui kusuka lakini ana gari. Desemba ilikuwa inakuja na harusi zake. Hilda alitaka injini, basi. Fundi wake, Gasper, alishamwambia: "Leta ya B nitakuhamishia. Ya samaki usiniletee, haikubaliani na giaboksi yako."

Jumapili tulikwenda naye Butiama, wanne wa pale saluni. Hilda alisema tumwambie kila atakayeuliza kwamba tumekuja kumsalimia shangazi. Tulipofika kigangoni, mama mmoja tusiyemjua kabisa akatukaribisha kwa furaha: "Nyie ndio wa gari?"

Ibada ikaisha, sadaka za vitu zikatolewa nje: kuku, mihogo, maboga, na gari. Mnadi alikuwa Bernado, mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji spika. Kigango kile kina sheria yake: anayegusa ndiye anayeanza dau. Chanzo cha sheria ni kuku. Watu walikuwa wanawashika vifua, wanawapapasa mapaja, wanawapima uzito, halafu wanawarudisha na kujiendea nyumbani, kuku wa watu wamechoka. Bernado akakataa. Ukigusa unaanza wewe, na akikosekana wa kuongeza unaondoka nacho.

Vijana walioisukuma gari hadi uwanjani walisamehewa sheria. Hilda akazunguka moja kwa moja mpaka nyuma. Alama haikuwepo. Yalibaki mabaka ya gundi tu.

"Gari hii!" Bernado akaanza. "Viti vinne! Redio ya kanda! Dirisha kwenye paa! Mvua ikija unafunga, jua likiwaka unafungua, malaika wako anakuona vizuri!"

Watu wakacheka. Hilda alikuwa amefunga mikono mgongoni, anachungulia dashibodi kupitia kioo.

"Saa mbili kubwa," akatunong'oneza. Hiyo alifundishwa na Gasper: ya B ina saa ya mwendo na saa ya mizunguko ya injini. Ya samaki ina ya mwendo peke yake.

Kisha akainama kwenye tairi la nyuma, na uso ukabadilika. Gasper alisema ya B ina breki za disiki nyuma. Hii ilikuwa na za dramu, zile za kizamani.

"Hiyo ni ya samaki, dada," sauti ikasema. Ilikuwa ya Ryoba, mwenye gereji Bunda, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufi kwenye jua lile. "Dashibodi watu wanabadilishaga ili wajisikie. Breki za nyuma nani anahangaika nazo?"

"Na wewe umetoka Bunda yote kuja kuangalia samaki?"

"Nimekuja kusali."

Hata Bernado alicheka.

Ukweli ulikuwa kwenye kibati kilichopigiliwa chini ya boneti, kilichoandikwa ukubwa wa injini. Kukiona ni kufungua, na kufungua ni kugusa. Hilda alisimama pale mpaka shangazi yake akachoka.

"Gusa, mwanangu. Kuna watu hapa wamekuja kwa ajili ya mihogo."

Hilda akaweka kiganja juu ya boneti.

"Hilda wa Musoma ameanza!" Bernado akapaza sauti. Akaingia ndani, akavuta kishikio cha kufungulia boneti, akatoka nacho mkononi kikiwa na kipande cha waya. Boneti haikusogea.

"Nina koleo, nifungue," Ryoba akasema.

"Mali ya kanisa haivunjwi," Bernado akajibu. "Ikishakuwa yako, ivunje mpaka uridhike. Nani anaongeza?"

Ryoba akaongeza.

Tukamzunguka Hilda. Kama ni ya samaki, mtu wa gereji anaongeza ya nini? Hatukuhitaji kikao kirefu. Ryoba alikuwa anatutisha ili aichukue ya B kwa bei ya kuku. Hilda akaongeza. Ryoba akaongeza tena. Hilda akafika pale alipojiapia tangu Kigera kwamba hatapita, akapita. Ryoba akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena, akatikisa kichwa kwamba haongezi.

"Imekwenda Musoma!" Vigelegele.

Ryoba mwenyewe ndiye aliyeleta koleo. Akaupapasa waya uliobaki chini ya usukani, akavuta, boneti ikaruka. Hilda akakifuta kibati kwa ncha ya kitenge. Injini ya elfu moja na mia tatu, ile ndogo. Ya samaki.

"Pole, mama," mtu akasema nyuma yetu, kwa sauti ya msibani.

Hilda akamgeukia Ryoba. "Ulijua."

"Si nilikwambia mbele ya watu wote?"

"Mbona uliongeza?"

"Mteja wangu alipita na ya kwake katikati ya ng'ombe, wakamkunjia milango yote miwili. Milango ya samaki na ya B ni ile ile. Mimi nilitaka milango tu, dada. Wewe ulitaka nini?"

Hilda akampa mgongo. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya kanisa, Nyamburi akamfuata, akauliza: "Kwani hii haitembei?"

Tukatazamana. Bernado alikuwa ametaja hadi redio, lakini hilo hakulitaja, na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulikuja kutoa injini, Ryoba alikuja kutoa milango.

Ryoba akasogeza pikapu yake, wakabusti betri kwa waya. Injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Moshi uliwakimbiza waliokuwa wananunua maboga.

"Sauti ya cherehani," Hilda akasema.

"Lakini inawaka," Ryoba akasema. "Basi niuzie milango yake, injini ubaki nayo."

"Niendeshe gari haina milango? Milango ya B iko nyumbani kwangu, mizima, na B yenyewe haiendi popote. Njoo kesho Kigera na hela mkononi. Wala usije kwangu na habari za kusali."

Kisha akatoa simu, akampigia mama wa bibi harusi wa Kisorya, aliyekuwa ameshaanza kuulizia Brenda. Mama yule aliongea sana. Hilda akasikiliza, huku akiitazama ile cherehani ikitetemeka uwanjani.

"Hapana, mama, siji na ile ya zamani," akasema. "Nakuja na nyingine. Haina mbio, kwa hiyo nitatoka Musoma mapema. Mwambie binti asioshe nywele, nitaziosha mwenyewe."