Paa Lililozikwa Mara Mbili

Mume wangu Honoré alirudi Bukavu kutoka Ubelgiji mwaka wa themanini na saba, akiwa na koti zito lisilomfaa mtu katika mji huu, pamoja na neno moja jipya: amianti. Koti alilivua baada ya wiki. Neno halikumwisha mdomoni.

Kule alijifunza kuondoa eterniti, yale mabamba ya kijivu ya saruji yaliyoezekea nyumba nyingi za mtaa wa Muhumba tangu enzi za Wabelgiji. Ndani yake, alieleza, mna amianti, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Bamba likivunjika nyuzi zinaruka, unazivuta, zinakaa kifuani miaka na miaka kisha zinaanza kukula. Watu walimsikiliza kwa adabu na kuendelea kunywa bia yao. Mtu wa kuezeka nyumba walimjua. Mtu wa kuezua kwa kufunika pua hawakuwa wamewahi kumwona, na walimwuliza kama kule Ulaya alisomea kuogopa paa.

Basi kazi yake ya kwanza ikawa nyumbani kwa mama yake. Maman Cibalonza alikuwa mjane, na nyumba ile aliachiwa na marehemu Papa Cirhuza, ambaye alipanda juu mwenyewe na kuiezeka eterniti kwa mikono yake. Mvua za mwaka ule ziliangusha tawi la mwavokado juu ya paa na kupasua mabamba mawili, sawasawa juu ya chumba cha kulala. Kila asubuhi mama mkwe wangu alikuta unga mweupe juu ya shuka, akaukung'uta dirishani kwa kiganja. Honoré alipomwona akifanya vile, alimshika mkono.

"Maman, ile toiture tuitoe. Iko inakufanya mubaya."

"Miaka yote hii haikuniua, leo njo itaniua? Ile ni paa ya baba yako. Na mukishaitoa, mutaweka nini?"

"Manjanja, Maman."

"Manjanja!" Alitazama juu kana kwamba mabati yale ya chuma yalikwisha kufika. "Na mvua ikinyesha, batu banasikilizana je?"

Hapo, kusema kweli, nilikuwa upande wake. Bukavu mvua si mgeni. Sisi kwetu Kadutu tuliishi chini ya manjanja, na ikinyesha mimi na Honoré tuligombana kwa ishara za mikono tu. Chini ya eterniti mvua inanong'ona, na wewe unaendelea na maneno yako. Lakini unga ule juu ya shuka ulinikera, na mimi nikikerwa silali. Nilichukua kitenge changu cheusi, nikakitandika juu ya kitanda chake jioni, naye nikamlaza sebuleni kwa nguvu za maneno. Asubuhi nikamwita aje aone.

Aliinamia kitenge, kilichokuwa kimejaa unga mweupe.

"Cirhuza alikuwa anarudi na hii mu nywele," alisema, "ile wakati alikuwa anakata eterniti na musumeno. Nilikuwa nacheka, namwita fundi wa mikate."

Papa Cirhuza alikufa kwa kifua.

"Muitoe," mama mkwe wangu alisema.

Siku ya kazi mtaa mzima uliegemea ukuta kutazama. Honoré na Marcellin, rafiki yake aliyekubali kumsaidia, walivaa makoti ya mvua yaliyofungwa kamba mikononi, na vifuniko vya pua vilivyowafanya waonekane kama bata. Kwanza walinyunyizia mabamba maji ya sabuni kwa bomba la kumwagilia maua, ili vumbi lisiruke. Kisha walifungua misumari mmoja mmoja, wakateremsha kila bamba kwa kamba, taratibu, kama padri na Sakramenti. Yale mawili yaliyopasuka yalifungwa palepale juu. Hakuna jingine lililopata hata ufa. Waliyafunga yote katika plastiki na kuyazika shimoni nyuma ya migomba. Nilijivuna sana, na sikuficha.

Jirani wa mama mkwe wangu, Papa Télesphore, mstaafu wa ofisi ya serikali ambaye hakuivua abakosti yake, lile koti la kiserikali lisilovaliwa na tai, hata kwa kulisha nguruwe, alichungulia shimo.

"Bana yangu, munazika eterniti nzima-nzima? Haina hata kuvunjika fasi moya!"

Honoré alimweleza habari ya amianti tangu mwanzo hadi mwisho. Papa Télesphore aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Nami nawajua wanaume wanaoitikia hivyo.

Kosa lilikuwa letu. Sisi ni watu ambao kopo linageuka taa na tairi linageuka viatu, halafu tunazika paa zima mbele ya macho ya watu! Lau Honoré angelivunjavunja kama fundi mlevi, hakuna mtu ambaye angelitaka. Ni ufundi wake ndio uliolipandisha bei. Isitoshe tulizika Ijumaa, na kesho yake ilikuwa salongo, siku ambayo kila raia anatoka na jembe mkononi kwa amri ya serikali.

Jumapili, tukitoka Misa, tulipita uani kwa Papa Télesphore. Banda la nguruwe lilikuwa na paa jipya la kijivu. Mama mkwe wangu alisimama. Matundu ya misumari ya mumewe aliyajua.

"Nguruwe," alisema, basi.

Honoré alianza tena na nyuzi na kifua, lakini Papa Télesphore alikuwa na sheria zake. "Ilikuwa ndani ya udongo. Kitu ya ndani ya udongo ni ya nani?" Tulipopekua mtaa tulikuta bamba jingine limekuwa ukuta wa bafu, mengine yameanikiwa mihogo. Honoré alivaa tena kifuniko chake, akanyunyiza, akafunga, akarudisha yote. Kisha akaketi kwenye ukingo wa shimo, kichwa mikononi. Jumamosi nyingine ilikuwa inakuja na majembe yake.

"Weye ulisoma kutoa," mama yake alimwambia. "Kuzika, uniachie miye."

Alivaa nguo nyeusi. Aliita mama wote wa shirika lake la kanisa, akakaa chini uani, akaamuru kahawa. Waliofika waliuliza nani amekufa.

"Paa ya Cirhuza."

Walicheka. Kisha walimwona uso, wakaacha kucheka, wakakaa na kuimba. Honoré na Marcellin waliteremsha mabamba, yeye akatupa udongo wa kwanza. Papa Télesphore alikuja amefunga vifungo vyote, na mkungu wa ndizi wa matanga begani. Alichukua koleo akafukia mpaka jasho likalowesha abakosti. Juu ulisimikwa msalaba wa mti. Padri alipita, akautazama, akajifanya hakuona. Na Jumamosi ilipofika, majembe yote yalizunguka mbali. Nani atafukua kaburi lililoliliwa?

Tangu hapo wateja wa Honoré walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja aliuliza kama wale mama wa kuimba wamo ndani ya kazi.

Lakini nilitaka kusema juu ya mvua. Ya kwanza baada ya manjanja kupigwa ilitukuta sebuleni, mama mkwe wangu kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, na katikati ile nafasi ya heshima ya mkwe na mama mkwe, ambayo tangu niolewe sikuwahi kuivuka. Ilipiga juu hadi vikombe vikatetemeka. Niliona midomo yake ikicheza, sikusikia kitu. Akaniita kwa mkono. Nilivuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikampa sikio.

"Cirhuza alikuwa mutu wa kunyamaza," alisema ndani ya sikio langu. "Mvua ikinyesha tu, njo alikuwa anaongea. Na sauti ya chini. Nilikuwa naogopa manjanja itamufunika."

"Alikuwa anasema nini, Maman?"

Alinishika kitambaa cha kichwa, akanivuta karibu zaidi, akaniambia. Mvua ilidumu alasiri nzima, na ilipokatika sikurudisha kiti changu nyuma.