Eda Hatoki Kaburini

1.

Daftari linaanza hivi:

*Mfalme Lihengo amekufa. Hana mtoto. Walinzi arobaini wanasimamia mazishi. Wachezaji watapigana nao.*

Kurasa thelathini na moja. Walinzi wote nimewapa majina, hata watakaokufa bila kusema neno.

2.

TANGAZO
Chama cha Mchezo wa Meza, Makambako

Waongozaji wote mnakumbushwa kuandaa maelezo ya mchezo kabla ya Jumamosi. Asiye na daftari hataruhusiwa kukalia kiti cha mbele. Chai ni saa kumi.

(Kiti cha mbele ni kiti kama vingine. Mguu mmoja mfupi.)

3.

Wewe unayesoma, kama hujawahi kuucheza mchezo huu: mmoja anasimulia dunia, ndiye mimi, Mbano. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hiyo dunia, na anasema mtu wake anafanya nini. Penye shaka tunarusha dadu. Nne kwenda juu, ndiyo. Chini ya hapo, hapana.

Shule nimesoma vipande vipande, mwaka huku, miezi kule. Lakini hilo nalielewa.

4.

*Eda anasema:*

Mimi ni Eda Kalinga, fundi cherehani, Mhehe. Chumba tunachochezea ni changu. Mzee Mbano ni Mngoni, yaani mtani wangu, kwa hiyo namwambia ninachotaka. Amekaa Tunduma, amekaa Mpanda, sijui wapi tena. Hapa ana miaka mitatu na sanduku lake bado hajalifungua lote.

Akisimulia, anasoma. Kidole kinafuata mstari. Tukitaka kwenda kushoto anasema kushoto kuna ukuta.

Ule ufalme una kuta nyingi.

5.

— Jeneza linakaribia, nikasoma. Walinzi wanainua mikuki.

— Naingia kaburini, akasema Eda.

— Unapigana na mlinzi yupi?

— Sipigani. Nalala humo chini. Mimi mtani wa marehemu. Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe haki yangu.

Zuberi ni fundi redio, na kwa kawaida ndiye wa kwanza kuchomoa upanga. Akakuna kidevu.

— Hapo kweli, Mzee. Mtani hachomwi mkuki.

Nikafunua mbele. Nikafunua nyuma.

Hakuna.

6.

Mimi, Mngoni mzima, nimeandika msiba wa mfalme bila mtani. Nimeandika rangi ya ngao. Nimeandika urefu wa mikuki. Nimeandika mvua.

— Unataka nini, mbuzi?

— Mbuzi kuleni wenyewe. Namtaka mwanawe mkubwa aje atupe udongo wa kwanza.

— Hana mtoto. Imeandikwa.

— Na nani?

— Na mimi.

— Basi pana shaka. Zuberi, rusha.

Dadu ikabingirika kwenye meza ya kukatia nguo, ikagonga mkasi.

Tano.

— Yupo, akasema Zuberi.

— Haya, mtani, akasema Eda. Yuko wapi?

32.

 

 

Ukurasa mweupe. Nikasema bila kusoma:

Yuko mbali. Habari za msiba zilimkuta siku ya tisa, baba ameshazikwa. Akasema, sasa niende kufanya nini. Akasema, mwakani. Mwakani akasema, mwakani. Ndugu zake walipanga mawe kuzunguka kaburi, wakabakiza moja pembeni. Hilo la mkubwa, walisema, aje aliweke mwenyewe. Yeye alikuwa Tunduma, anashusha magunia ya mahindi, na

.

— Mzee, akasema Zuberi taratibu. Huyu mfalme si hajazikwa bado? Eda yumo humo. Na ufalme huu hauna Tunduma.

.

*Eda anasema:*

Mtani halii. Wenzake wakilia, yeye anachokoza, ndiyo kazi yake. Nikamwambia: "Wazee wenu walitoka kusini kabisa kwa miguu, watoto mgongoni. Wewe basi la Songea linakushinda?"

Alicheka kidogo. Kisha akafunga daftari. Miaka mitatu, sikuwahi kuona jalada lake. Lina picha ya twiga.

"Na wewe utatoka lini humo kaburini?" akaniuliza.

"Umesikia nilichodai."

.

Kwa Katibu,

YAH: KUTOKUWEPO JUMAMOSI

Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi Mbano, mwongozaji, sitakuwepo. Sababu: kuna mtu yuko kaburini kwa ajili yangu. Daftari nimeliacha, liwekwe chini ya ule mguu mfupi. Walinzi arobaini waambiwe waweke mikuki chini na wakae, kila mmoja aitwe kwa jina lake.

Maelezo ya safari: sijaandaa.

.

*Eda anasema:*

Jumamosi Zuberi alikuja saa nane. Akakitazama kiti cha mbele. Hakiyumbi tena.

"Tucheze wawili?"

"Nimelala humu. Sitoki."

Akachemsha chai mapema.

.

Nimeshuka basi. Njia ya nyumbani wameihamisha, nimeuliza mara mbili. Mwanamke anayefanana na mama yangu ameacha kupepeta, ananitazama.

Jiwe lipo palepale, pembeni ya kaburi. Majani yameliotea.

Watu wa nyumbani wanatoka mmoja mmoja, wanasimama. Kuna mzee ananiuliza mimi ni nani, na naona kabisa kwamba anajua.

Mfukoni nina dadu. Siitoi.

Nafungua mdomo, nasema