Tawi la Mwisho la Msonobari wa Bi Zelpha

Arvella aliegesha pikapu chini ya mwamba, akashusha viti vya plastiki, chupa ya kahawa, ngoe na mama yake. Kazi ilikuwa kumshusha mama, maana magoti ya Bi Zelpha yalikuwa yamemsusa tangu majira ya baridi. Binamu Delbert alikuwa ameshachimba shimo la moto, huku akilalamika kwamba katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayefanya kazi.

"Huo mdomo ungekuwa mikono, kuni zingekuwa tayari," Bi Zelpha alimwambia.

Walikuwa wametoka kwao Fort Hall alfajiri kuja kuangua kokwa za misonobari, kama Washoshoni, kabila lao la wenyeji wa Marekani, walivyofanya kila Septemba tangu kabla hakujawa na pikapu wala barabara. Msonobari wa Bi Zelpha ulikuwa ule aliolazwa kivulini akiwa mchanga, mama yake akiangua. Mti wa namna hii hauzai kila mwaka. Mwaka huu ulizaa, na ulikuwa umebakiwa na tawi moja tu, kwa sababu wahamiaji Wazungu wa magari ya maksai walikata moja kila mwaka walipopita, wakachemshia kahawa. Bi Zelpha alitaka bakuli moja la supu ya kokwa za mti huo kabla hajafa. Alisema hivyo waziwazi, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Aliomba kwanza, akaushukuru mti, wala hakuharakisha. Delbert akaangua matunda machache, wakayachoma, wakapata kokwa za kujaza kikapu kidogo. Hapo ndipo vumbi lilipoonekana upande wa mashariki.

"Haya, wenyewe hao," alisema Delbert.

Wahamiaji hao walikuwa wamekufa zamani sana, wakielekea magharibi, na bado walipita kila mwaka. Maksai wao, hata hivyo, walikula majani ya kweli, na wafugaji wa bondeni walijua kuhamisha ng'ombe wao mapema. Wanaume walifungua nira, wakapaka vidole grisi ya magurudumu na kwenda kuandika majina yao mwambani. Palikuwa na kibao: anayeandika leo atozwe faini, na maandishi ya zamani yalindwe.

Mwanamke mmoja mwenye kofia ya buluu aliteremka garini akaenda kutembelea miamba, na Arvella akamfuata kama kila mwaka. Alimpenda, kusema kweli. Hakuwahi kuona mtu mwenye macho ya kutazama kama yale. Mwanamke alipenya katika nyufa akiwa ameshika sketi mkononi, akaweka shavu kwenye jiwe lenye joto, akapanda hadi penye vishimo vya maji ya mvua na kunawa uso. Mawe yale yalisimama wima, mengine mapana kama makanisa, mengine membamba na yamechoka, na jua la jioni liliyapaka rangi ya mkate uliotoka jikoni. Arvella alizaliwa akiyaona, lakini nyuma ya mwanamke huyu aliyaona upya.

"Yesu wangu," alisema mwanamke. "Uzuri wote huu, na hakuna hata mtu wa kuutazama!"

"Sisi je?" Arvella alimuuliza. Mwanamke akampita kana kwamba hapakuwa na mtu.

Mwanamke alipoteremka hadi mtini, Arvella nyuma yake, Bi Zelpha alikuwa ameshika kikapu magotini.

"Mpe mgeni kwanza."

"Mama! Hizi ndizo zote tulizonazo. Acha tuangue tawi lote, ndipo tumpe."

"Mgeni akiwa hajala, mwenyeji haangui. Nani alikulea wewe, mbwamwitu?"

Basi Arvella akanyoosha kikapu. Mwanamke aliinama, akachota hadi kikabaki kitupu, akatafuna, macho yakamlegea kwa utamu. "Njooni muone!" aliwaita wenzake. "Zilikuwa zimelala tu hapa, zimeshachomwa. Mungu ametuandalia!"

Alikuwa bado anatafuna wanaume wawili walipokuja na shoka. Arvella alisimama chini ya tawi akapanua mikono, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Delbert alimvuta mmoja mkanda na kumwita mwizi, mwana wa mwizi, lakini shoka liliendelea kukata. Tawi likaanguka na matunda yake yote. Wakalitia motoni, wakachemsha kahawa, na mwanamke akakaa kuitazama miamba hadi giza lilipoifunika.

Asubuhi walifunga maksai na kuondoka. Mwanamke aligeuka, akaweka mkono kifuani, akaiaga miamba. Arvella alimpungia. Kisha akapiga magoti penye majivu yao na kuyachambua kwa vidole, machozi yakimdondoka, hadi akapata kokwa tano nyeusi zilizopona ndani ya makaa.

Bi Zelpha alitafuna ya kwanza taratibu kwa meno yaliyobaki.

"Zimeungua," alisema. "Lakini ndizo hasa."

Akala ya pili, ya tatu, na ya nne. Ya tano aliifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa.

"Kula tu, Shangazi," alisema Delbert. "Mti wenyewe umebaki shina tupu."

"Hii ya yule mgeni," alisema Bi Zelpha. "Mwakani atakuja na njaa, na hapa hapatakuwa na kitu."